Siku Uliacha Kuniita Ndoi

Ndoi yangu Petro, mwenye jina moja na mimi,

Niko na miaka makumi saba na ine, ao tano, mama yangu hakuandikaka. Nimepita Wabeleji na fimbo yao. Nimepita uasi ya kwanza, wakati tulikula mizizi mu pori. Nimepita shimo ya zahabu ya Niania, ilianguka juu ya watu saba na mimi peke yangu nikatoka, matope mpaka mu masikio. Nyoka aliniuma mara mbili, na yule wa pili njo alikufa. Nimezika wake wawili, na meno yote isipokuwa ine. Hayo yote nilisemaka kila mahali, unajua, ulisikia mpaka ukaweza kunikumbusha pale nilisahau kipande. Sasa nimepita hata weye, umekufa mbele yangu. Weye wa miaka makumi tano na tatu. Hii moja sijaisema mahali popote kwa kujisifu.

Naandika mu kaye, daftari ya shule, na biki inayotoa wino wakati inataka. Naandika sababu ya kinywa yangu. Unaijua. Nikisema nimevua samaki, kabla ya kufika mwisho wa barabara amekuwa mamba. Karatasi inakataa mambo hiyo. Nikiandika "watu watatu," asubuhi nakuta wangali watatu. Na tena weye njo ulinifundishaka hizi herufi, mu chumba ya nyuma ya kanisa, mimi na wamama kumi na moja, na mimi nikisema kwamba nimekuja tu kuangalia kama unafundisha vizuri. Siku ya kwanza niliandika P ya jina yangu, ikakula karatasi nzima. Ukasema: "Ndoi, na zile herufi zingine zitalala wapi?" Wamama walicheka mpaka mumoja akatoka inje. Mimi nilikasirika siku mbili. Jina iko yetu wawili, kwa nini mimi nisiandike kubwa?

Nikupe kwanza habari ya huku.

Ile wiki ya kufa kwako muji ilibadilisha wenyewe, wenye kuitawala, mara mbili. Sasa wenyewe wengine tena wako, na bunduki inalia mbali, sawa mutu anapasua kuni ku jirani. Watu wanarudi mu mutaa yetu ya Saio mumoja mumoja. Wanasimama mbele ya nyumba zao bila bati, wanaangalia juu, wanaangalia chini, wanafagia. Benchi kumi na mbili za kanisa, zile nilitengeneza na mikono hii, nikasema zitangoja mpaka Bwana arudi, hazikungoja. Wenye bunduki walipikia nazo maharagi. Tunakaa juu ya matofali. Siku moja niliomba mbele ya wote, "Bwana, asante juu ya matofali," watu wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka, wakaacha.

Pampu yako ingali imefungwa na kamba ku mulango yako, pale uliiacha kila siku ili mwenye kinga, baiskeli yoyote, apate pumuzi bila kuomba. Waliiba bati, waliiba sufuria, waliiba Biblia ya pasta, sijui walienda kuisoma wapi. Pampu hawakuiba. Mama Kavira, mke wako, hataki mutu aitoe.

Siku ya posho, njo Jumamosi, nachukua kinga yako na bido, madumu tatu, napeleka maji kwa wale wabibi wazee wako wa kilima. Weye ulipanda ile kilima ukiimba. Mimi nasukuma, natukana kidogo, naomba musamaha, nasukuma tena. Bibi Marta, yule kipofu wa jicho moja, anakaa ku mulango akingoja, na kabla ya salamu ananiuliza: "Ni maji, ao ni jasho yako umeleta?" Nikamwambia mimi ni muzee wa kanisa, nimetoka shimo ya zahabu nikiwa muzima. Akajibu: "Basi mwaga mu mutungi, muzima." Hakuna mutu anayenisifu kule. Ulivumilia vipi miaka yote ile, kufanya kitu mahali haina mutu wa kusema?

Mimi nilifikiri Ukristo ni sauti. Nakuambia sasa, sikukuambia ukiwa hai. Nilikuwa na maombi ndefu kuliko yote ya muji hii ya Mbunya, watu walinijua kwa hiyo. Ukinialika kula, nilianza na uumbaji, nikapita Nuhu, nikapita manabii, na bugali ikikauka mbele yetu. Mama Kavira akasema polepole, "Bwana yangu wa bure, sema Amina, mboga inakuwa baridi." Aliniitaka hivyo, bwana wa bure, juu ndoi ya bwana ni bwana pia, lakini hanunui kitenge. Na siku ilikuwa yako ya kuomba ulisema: "Bwana, asante. Tule." Nilikuona mutu ambaye hana neno. Hasira ilinishika mara nyingi kwamba jina yangu imepewa mutu wa maombi fupi vile. Watu waliniita Petro Mukubwa na weye Petro Mudogo, na mimi nilifikiri ni haki.

Sasa nifike pale naogopa kufika.

Unakumbuka Mama Zawadi alikuja na mabinti zake wawili, na kikapu ya sombe, majani ya muhogo ya kuuza, ingali ku kichwa, kana kwamba anaenda sokoni. Kabila yake njo ile wenye bunduki walitafuta ile wiki. Wiki iliyotangulia ilitafutwa ingine. Ukamuweka mu stoo ya kanisa, nyuma ya ngoma na mifuko ya simenti. Nikakuambia: "Ndoi, mimi mutu wa Niania, weye mutu wa Butembo. Vita haiko yetu. Siye ni sawa mutu amelala kati ya watu wawili wanaovutana blanketi. Tukae kimya, kutapambazuka." Ulikuwa unaziba tundu ya mupira. Haukuinua kichwa. Ukasema: "Na njaa ya Mama Zawadi, ndoi, nayo ni ya kabila gani?"

Nikakushikia mupira mpaka gundi ikakauka.

Ukakata bido ya manjano ku chini, ukaishona na waya ili ifunguke. Kila asubuhi ulipita na bido tatu ku kinga: mbili za maji, moja ya bugali. Watu walikuona, wakasema Petro Mudogo na maji yake. Hakuna mutu aliangalia mara mbili, juu miaka kumi walikuona vile. Nafikiri sana jambo hiyo. Kama ni mimi ningebeba bido siku ile, muji mzima ingesimama kuuliza Petro Mukubwa amepatwa na nini. Yale maji ya siku zote njo yalikuficha.

Na mimi ulinipa kazi. Ulinishika sikio, weye mudogo wangu, ukanishika sikio mimi muzee, ukasema: "Kazi yako ni mbili tu. Janti, na kinywa. Ile ya kwanza inagongwa. Ile ya pili haigongwe."

Janti ya kamio, ile chuma ya gurudumu ya lori, inaninginia mbele ya kanisa toka kanisa ilianza, na mimi njo muwenye kuigonga saa ya maombi ya asubuhi. Ulipatana na Mama Zawadi: siku atasikia janti nje ya saa yake, atoke ku tundu ya nyuma na watoto, apite mu mihogo, aende kule wakimbizi walikusanyika. Hiyo ilikuwa yote. Nilifanya vizuri siku saba.

Siku ya nane, saa ya kenda ya mchana, nilienda kwa Papa Jeremia kunyolewa. Unamujua Jeremia, mwenzetu wa kanisa, kinyozi wa kioo imepasuka. Nilikuta mutu amekaa ku kiti na sabuni ku mashavu. Simujui. Jeremia alikuwa amemunyoa upande moja. Yule mutu alikuwa anacheka wakristo wa Saio. Alisema: "Hawa ni wa kuimba tu. Jirani anagonga mulango, wao wanapandisha sauti ya wimbo ili wasisikie." Akacheka peke yake. Akasema tena: "Nionyeshe mumoja, mumoja tu, alifungua."

Ndoi, iliniuma. Nasema ukweli, haikuwa ulevi, haikuwa ubaya. Ilikuwa sawa mutu amenitemea mate. Jeremia aliona sura yangu, akanisukuma na goti, akasema: "Muzee, njoo hapa, inama, nikuanze ku kisogo." Alitaka kuniziba. Sikuinama. Nikasimama katikati, nikasema na ile sauti yangu ya maombi: "Uliza habari ya Petro wa kanisa! Petro wa kanisa iko na watu watatu chini ya bati yake mpaka leo, wanakula na wanakunywa!"

Sikusema "mimi." Unajua vile najisemaka, kana kwamba nasimulia mutu mwingine mukubwa. Lakini wote wawili pale walisikia mimi. Nilichukua bugali yako, bido yako, siku zako nane, nikazivaa sawa koti ya kuazima.

Yule mutu alicheka kidogo, akafuta sabuni na kitambaa, akatoka na ndevu ya upande moja. Jeremia akabaki na wembe mu mukono. Akaniambia: "Muzee, umefanya nini?" Nikamwambia nimetetea kanisa.

Sikukuambia. Ningeweza kuja kwako kabla ya jua kuanguka, ungewatoa ile saa. Nilienda kulala. Nilijiambia yule mutu alikuwa na haraka tu.

Asubuhi tulikuwa mbele ya kanisa, mimi na nyundo yangu ya janti, weye na pampu. Walikuja ine. Watatu sikuwajua. Wa ine alikuwa na ndevu ya upande moja.

Akaninyooshea kidole. "Muzee huyu njo alisema." Halafu akaniuliza mimi: "Petro wa kanisa njo weye?"

Miaka makumi saba nimesema jina hii. Nimeisema ku vilio, ku ndoa, ku foleni ya hospitali. Niliisema mu shimo ya Niania, chini ya udongo, ili wale wa juu wajue nani wanachimbua. Na asubuhi ile nikasema: "Hapana. Mimi naitwa Muzee. Muzee tu."

Ukainua kichwa, ukaniangalia. Ulielewa yote mara moja: nani alisema, alisema wapi, na alisema vipi. Nimejaribu kusoma ile sura yako toka siku ile, kama nilivyosoma herufi na weye, kidole chini ya kila moja. Haikuwa hasira. Ilikuwa sawa vile unaangaliaka mupira ambao hauna nafasi ya kuzibwa tena, na bado unatafuta gundi.

Ukapangusa mafuta ku mikono. Ukasema: "Petro njo mimi. Huyu anapendaka kusimulia mambo ya watu." Wakacheka! Uliwachekesha, ndoi, na bunduki ziko pale. Ukasema wale watu walikwisha kuenda, uliwavusha mto, utawaonyesha mahali. Ukaweka pampu ku mulango, ukaifunga kamba yake vizuri, na ukapita mbele yangu. Na ukaniambia: "Muzee, gonga janti. Saa ya maombi imepita."

Muzee.

Miaka makumi mbili haukuniitaka na neno ingine kuliko ndoi. Mbele ya watu, peke yetu, hata siku tuligombana juu ya ngoma ya kanisa, "ndoi, uko mujinga." Lakini mutu akisikia ndoi, anajua jina ni moja. Neno moja tu, na wangenigeukia. Ulilimeza. Watu wanafikiri ulinipa uzima pale ulisema "Petro njo mimi." Hapana. Pale ulisema jina yako tu, na bado wangeweza kujua ni yetu wawili. Uzima yangu ulinipa mu ile neno haukusema.

Yule wa ndevu moja akasema, "Acha muzee agonge, aombee mwenzake." Wakakupeleka upande wa mto. Nikagonga. Saa yenyewe haikuwa ya maombi, weye ulijua, na Mama Zawadi alijua. Sikugonga juu ya ushujaa. Niligonga juu mukono ilizoea kukutii kuliko nilivyofikiri. Nilisikia risasi mbili, nikaendelea kugonga. Niligonga mpaka Mama Kavira akakuja kunitoa nyundo mu vidole, kimoja kimoja.

Unajua ile habari ya Petro mu Injili, na jogoo. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilimusimanga yule Petro sana. Basi asubuhi ile jogoo hakuwika. Jogoo yote ya Saio ilikuwa imekwisha kuliwa na wenye bunduki. Nilingoja kusikia kitu. Mutu alikohoa mbali, njo hiyo tu.

Mama Zawadi na watoto walifika. Ujue hiyo. Wote watatu.

Wanaume wa kanisa walikuleta mu blanketi. Weye uliosha wafu wasio na jamaa, wale waliookotwa ku barabara, na wakati ilifika zamu yako wengi walikuwa wamekimbia. Tulikuosha mimi na Jeremia. Alileta maji ya moto na wembe mupya, akakunyoa polepole, upande moja, halafu upande wa pili. Mimi nilishika kichwa yako. Ku kaburi pasta akaita jina: "Petro, lala kwa amani." Nilisikia wananizika mimi, na nikaona kwamba wangefanya vizuri.

Yaliyofuata ni mabaya kuliko asubuhi ile.

Siku ya Mungu, pasta akasimama, akasema: "Ndugu, Petro Mukubwa hakuacha janti yake, hata bunduki zikiwa mbele yake." Watu wakalia, wakasema haleluya. Niliinamisha kichwa. Waliona ni unyenyekevu. Mimi nisiyejua kunyamaza mu maisha yangu yote, siku ile nilinyamaza.

Halafu wakatafuta nani aliuza siri. Mutu mumoja akasema alimuona yule wa ndevu moja akitoka kwa Jeremia. Ikatosha. Wakamuita mbele ya wazee. Walimuuliza: "Ulisema?" Akajibu: "Mimi sikusema." "Basi nani?" Akaniangalia mimi, ndoi. Kidogo tu, sawa mutu anaangalia saa. Akasema: "Mwenye kusema anajijua." Wakamukata ku meza ya Bwana. Wazee tano tulinyoosha mikono. Tano. Wa tano ilikuwa hii inayoandika.

Toka siku ile watu hawaendi kwake kunyolewa. Kioo yake imepigwa jiwe, sasa haioneshe hata sura. Mke wake anachota maji ya mwisho, wakati wengine wamekwisha. Nilienda kwake mara moja, nikamuuliza kwa nini hasemi. Akajibu bila kusimamisha ufagio: "Nikisema mimi, ni kinyozi anayejitetea. Ukisema weye, itakuwa ukweli. Nangoja, Muzee. Sina kazi ingine siku hizi."

Na Mama Kavira. Aliniletea bugali jioni moja, bado ananiletea, akakaa, akauliza: "Bwana yangu wa bure, weye unajua watu wote wa Saio. Nani aliuza bwana yangu wa kweli?" Nikamwambia: "Mungu anajua." Hiyo ilikuwa ya tatu. Ya kwanza Muzee tu, ya pili ule mukono, ya tatu nikamuweka Mungu mbele yangu ili nijifiche nyuma yake. Amefunga vitu. Anataka kurudi Butembo, anasema hawezi kukaa mu barabara moja na mutu aliyemunyoa bwana wake mufu baada ya kumuuza. Ataenda akimuchukia mutu ambaye hana kosa, na atawafundisha watoto wako wamuchukie, na Jeremia atakufa siku moja mu ile uchafu yangu.

Juzi Mama Zawadi alirudi sokoni na sombe yake. Nilimuona mbali, nilitaka kupita njia ingine, akaniita mbele ya watu wote, na tabasamu: "Jambo, Muzee Tu!"

Watu walifikiri ni mchezo. Mimi nilijua. Ile ukuta ya stoo ni tofali moja tu, alisikia kila kitu. Akanipa kifungu ya sombe, akainama karibu, akasema: "Nimesikia ya Papa Jeremia. Mimi naweza kusema. Lakini yule marehemu alikuacha weye ugonge."

Basi, kesho ni siku ya Mungu. Wanataka kuniwekea mikono niwe shemasi, nikae mahali yako. Wamenunua hata soda. Mama Kavira amekubali kungoja safari yake mpaka ipite, ili aone ndoi ya bwana wake anashika kazi yake.

Wakiniita mbele, sitapiga magoti. Nitafungua hii kaye na nitasoma, kidole chini ya kila neno, vile ulinifundisha, toka "Ndoi yangu Petro" mpaka mwisho. Najua kinywa itataka kuongeza, itataka kusema walikuwa kumi, itataka kusema walinipiga kwanza. Hawakunipiga. Walikuwa ine. Iko imeandikwa.

Sijui watafanya nini. Watanikata ku meza, na ni haki, nitakaa inje pale Jeremia alikaa, na yeye ataingia. Mama Kavira anaweza kunifungia mulango maisha yote. Siku ya posho nitaweka maji inje ya mulango ile iliyofungwa, na nitaenda zangu. Akihamia Butembo, nitapelekea Bibi Marta na wengine. Nguvu ikikwisha, nitabeba bido moja. Hata nusu.

Sikuahidi kuacha kujisifu, ungecheka kule uko. Nakuahidi mambo mbili, janti na kinywa. Ya kwanza nitaigonga mpaka mukono ikatae. Ya pili nitaifungua kesho, mara moja, pale inafaa kufunguka.

Kaa salama, ndoi. Nimeliandika neno hiyo mara nyingi mu barua hii, juu weye ulilinyima kinywa yako siku yako ya mwisho na bado naona nina deni ya kulisema. Ndoi. Ndoi. Kama kule kuna mutu anakuuliza juu yangu, usinitetee tena. Imetosha.

Na mutu akisema muzee amezeeka, anaota mambo, aulize. Jeremia kinyozi alisikia ku masikio yake, na wembe mu mukono. Mama Zawadi wa sombe alisikia nyuma ya tofali, na mabinti zake wawili, hata ule mudogo anajua. Wa tano ni weye, lakini hauwezi kuitwa. Kwa hiyo mahali yako nasema mwenyewe, na P ya leo nimeiandika ndogo, sawa na zingine: yule Petro wa kanisa waliyekuwa wanatafuta njo mimi.